Sura ya Saba: Uliza Kabla ya Kutibu

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadilisha namna dunia inavyotunza kumbukumbu zake. Alisema kwamba anayetafuta taarifa hapaswi kulazimika kujua zimepangwaje ndani ya mashine. Aseme anachokitaka, na njia ya kukifikia iwe kazi ya kompyuta. Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia iliyoitwa SEQUEL. Leo tunaiita SQL.

Ndiyo maana karani wa hospitali anaweza kuuliza ni wagonjwa wangapi wa malaria waliofika mwezi Machi, akajibiwa, bila kujua data hizo zimelala sehemu gani ya diski. Lakini urahisi huo una gharama. Njia ikifichwa, siku inapoharibika hakuna anayeiona. Ukurasa uliokuwa ukifunguka papo hapo unaanza kuchukua nusu dakika. Ripoti ya mwisho wa mwezi haimaliziki. Ofisini kila mtu ana lake: huyu anasema seva ni ndogo, yule analaumu mtandao, wa tatu anataka mfumo mzima uandikwe upya. Inanunuliwa mashine kubwa zaidi, na baada ya miezi michache tatizo ni lile lile.

Msimamo wa sura hii ni mmoja. Hifadhidata inatunza ushahidi kuhusu mwenendo wake yenyewe, na inautoa ikiulizwa. Anayeuliza kabla ya kutibu hutatua kwa saa moja kile ambacho anayekisia atakihangaikia mwaka mzima.

Mifano yetu mingi inatoka PostgreSQL na MySQL, na si kwa bahati. DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011 kukusanya takwimu za afya, unatunza data zake katika PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, ulijengwa juu ya MySQL. Programu hizi zinapokwama, mgonjwa anasubiri kwenye foleni.

Mtambue mkosaji halisi

Kosa la kwanza ni kulikimbilia swali linalolalamikiwa zaidi. PostgreSQL ina kiongezo kiitwacho pg_stat_statements, kinachoorodhesha kila aina ya swali, limeulizwa mara ngapi na limetumia muda gani kwa jumla. MySQL inaweza kuandika maswali yote ya polepole katika faili lake maalumu. Kipimo chake cha kawaida ni sekunde 10, kwa hiyo kipunguze hadi sekunde moja au chini yake.

Panga orodha hiyo kwa jumla ya muda, usiangalie tu swali moja lililochukua muda mrefu. Ripoti ya dakika mbili inayotolewa mara moja kwa siku inaila seva dakika mbili. Swali la milisekunde 40 linaloulizwa mara 500,000 kwa siku linakula sekunde 20,000, zaidi ya saa tano na nusu. Wa kwanza ndiye anayelalamikiwa kikaoni. Wa pili ndiye anayeielemea seva, na hakuna anayemtaja.

Soma njia inayopitwa

Ukishamjua mkosaji, weka neno EXPLAIN mbele ya swali. Hifadhidata itakueleza njia inayokusudia kupita. Ukiandika EXPLAIN ANALYZE, italitekeleza swali lenyewe na kukuonyesha muda uliotumika katika kila hatua pamoja na idadi halisi ya rekodi zilizopatikana. Kuwa mwangalifu hapo: EXPLAIN ANALYZE mbele ya DELETE inafuta kweli. Kama ni lazima uipime amri ya namna hiyo, anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK, ili mabadiliko yatenguliwe.

Tuchukue jedwali la malipo lenye rekodi milioni 10. PostgreSQL hupanga data katika bloku za kilobaiti 8. Bloku moja ikibeba rekodi 80, jedwali lina bloku 125,000, karibu gigabaiti moja. Ukitafuta malipo ya mteja mmoja na maelezo yakaonyesha Seq Scan, maana yake mashine inalipitia jedwali zima, bloku zote 125,000, kwa ajili ya rekodi chache. Ni sawa na kusoma kitabu chote ukitafuta jina ambalo lingepatikana katika faharasa nyuma yake.

Faharasa ya hifadhidata hujengwa kwa muundo uitwao B-tree, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika kampuni ya Boeing na kuchapishwa mwaka 1972. Kila bloku ya juu inaelekeza kwenye mamia ya bloku zilizo chini yake. Zikiwa 300, ngazi tatu tu zinatosha kufikia rekodi milioni 27. Kwa hiyo mashine inasoma bloku tatu za faharasa na moja ya jedwali: nne badala ya 125,000. Hakuna seva ya kununua itakayokupa tofauti kubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, faharasa ina bei yake. Kila rekodi mpya inapoingia, kila faharasa ya jedwali hilo nayo lazima iandikwe. Jedwali lenye faharasa kumi na tano, nusu yake hazitumiki, linachelewesha kila malipo yanayoingia. PostgreSQL inahesabu ni mara ngapi kila faharasa imetumika. Zile zenye sifuri baada ya miezi kadhaa, na ambazo hazilindi upekee wa rekodi, ziondolewe.

Mara nyingi faharasa ipo na bado haitumiki, na sababu zake zinajirudia. Ya kwanza ni kuifungia safuwima ndani ya kokotoo. Ukiandika WHERE YEAR(tarehe) = 2024, faharasa ya tarehe haisaidii, kwa kuwa yenyewe imepanga tarehe, haikupanga miaka. Andika badala yake: tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'. Jibu ni lile lile, njia ni tofauti kabisa. Ya pili ni kutafuta kwa LIKE '%juma'. Alama ya asilimia ikitangulia, mashine haijui ianzie herufi gani, hivyo inasoma kila kitu.

Ya tatu ni aina ya data isiyolingana, na hapa namba za simu ndizo zinazotusumbua sana. Namba iliyohifadhiwa kama maandishi, ikilinganishwa na tarakimu tupu katika MySQL, inaizima faharasa. Ikihifadhiwa kama tarakimu, sifuri ya mwanzo inapotea. Na mteja mmoja anaweza kuwa ameandikwa mara tatu: namba yake ikianza na 07, ikianza na 255, na ikianza na +255. Amua umbo moja, lisimamie pale namba inapoingia, na uzisafishe za zamani. Hakuna swali la SQL litakaloziba kasoro hiyo milele.

Mashine inapokadiria vibaya

Nani anaamua kati ya kusoma jedwali zima na kupitia faharasa? Ni mpangaji, sehemu ya programu inayopima gharama ya kila njia kisha kuchagua nafuu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake wa IBM katika mradi wa System R, na mpaka leo hifadhidata kubwa hufuata wazo hilo. Ili apime, mpangaji huyo anahitaji takwimu: jedwali lina rekodi ngapi, thamani gani zinajirudia zaidi, zimesambaaje.

Takwimu zikichakaa, anapotea. Katika matokeo ya EXPLAIN ANALYZE, linganisha idadi aliyoikadiria na iliyopatikana. Akikadiria rekodi 5 zikapatikana 400,000, ugonjwa umeuona. Hutokea sana baada ya kuingiza data nyingi kwa mpigo, kwa mfano kumbukumbu za miaka mitano kutoka mfumo wa zamani. PostgreSQL husasisha takwimu zake yenyewe, lakini kwa kawaida husubiri hadi takriban asilimia 10 ya jedwali ibadilike. Usisubiri. Ukimaliza kuingiza data, endesha ANALYZE pale pale. Ni amri ya neno moja, na mara nyingi inatosha.

Safari nyingi kwa mzigo mdogo

Kuna ugonjwa ambao hauonekani ukilichunguza swali moja moja, kwa sababu kila swali ni jepesi. Programu inaomba orodha ya wateja 200, kisha kwa kila mteja inarudi tena kuuliza salio lake. Hayo ni maswali 201 kwa ukurasa mmoja. Seva ya hifadhidata ikiwa chumba kimoja na programu, hakuna atakayegundua. Lakini tuseme programu iko Dar es Salaam na hifadhidata iko Ulaya, na kila safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 150. Maswali 201 ni sekunde 30 za kusubiri, hata kama kila jibu lilikuwa tayari mara swali lilipofika.

Kosa hili hufichwa na maktaba za programu zinazomwandikia mtu SQL bila yeye kuiona. Dawa yake ni kuomba wateja na salio zao katika swali moja kwa JOIN, na kuijengea timu mazoea ya kuhesabu maswali yanayotumwa kwa kila ukurasa. Anayeandika programu azijue safari anazozituma.

Jibu la haraka lililo la uongo

Swali la polepole linaudhi. Swali linalotoa jibu lisilo sahihi kwa kasi ndilo la kuogopwa, kwa kuwa halimshtui mtu.

Afisa wa afya anataka vituo ambavyo havijaleta ripoti. Anaandikiwa: SELECT jina FROM vituo WHERE id NOT IN (SELECT kituo_id FROM ripoti). Ikiwa ripoti moja tu imeingia bila namba ya kituo, yaani ina NULL, swali hilo litarudisha orodha tupu. Kwa kanuni za SQL, NULL ni thamani isiyojulikana, na mashine haiwezi kuapa kwamba kituo chochote hakilingani na kisichojulikana. Afisa anaona orodha tupu na kuamini vituo vyote vimewasilisha. Tumia NOT EXISTS, ambayo haina mtego huo, na izuie safuwima ile isipokee NULL tangu mwanzo.

Mtego wa pili ni jumla zinazovimba. Ankara ina bidhaa tatu na imelipwa kwa awamu mbili za shilingi 50,000. Ukiunganisha ankara, bidhaa na malipo katika swali moja, unapata rekodi sita, kila malipo yakirudiwa mara tatu. SUM itakuambia umepokea shilingi 300,000 badala ya 100,000. Jumlisha malipo peke yake kwanza, bidhaa peke yake, ndipo uunganishe. Na usimwamini anayeficha kosa kwa kuongeza DISTINCT mpaka namba ionekane nzuri: awamu mbili zenye kiasi sawa zitahesabiwa kama moja.

Kila mtu anasubiri

Wakati mwingine mashine haifanyi kazi yoyote, lakini hakuna kinachosonga. Hapo tatizo ni kufuli. Mtu amefungua muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja, akabadilisha rekodi, kisha akaenda chakula cha mchana bila kuuthibitisha (COMMIT) wala kuutengua (ROLLBACK). Wote wanaotaka kuibadilisha rekodi ile wanamsubiri. Katika PostgreSQL, jedwali la mfumo liitwalo pg_stat_activity litakuonyesha nani yuko kazini, nani anasubiri na nani amekaa na muamala wazi bila kufanya chochote. Mtafute yule wa mwisho kwanza.

Hatari huongezeka pale msimamizi anapobadilisha muundo wa jedwali mchana. Amri ya ALTER TABLE mara nyingi inataka kufuli kali kuliko zote. Ikimkuta mtu mmoja mwenye muamala wazi uliogusa jedwali hilo, inasubiri, na maswali yote yanayokuja baada yake yanapanga foleni nyuma yake, hata ya kusoma tu. Mabadiliko ambayo yangechukua sekunde moja yanasimamisha huduma nzima. Weka lock_timeout fupi ili amri yako ijiondoe yenyewe ikikosa nafasi, na unapojenga faharasa katika PostgreSQL tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haiwazuii wanaoandika.

Kuna pia mkwamo wa pande mbili. Muamala mmoja unahamisha pesa kutoka kwa Asha kwenda kwa Baraka, mwingine kutoka kwa Baraka kwenda kwa Asha, kwa wakati mmoja. Kila mmoja ameshika rekodi anayoitaka mwenzake. Hifadhidata itagundua na kuuvunja muamala mmoja. Kinga ni kanuni moja ndani ya programu: rekodi zishikwe kwa mpangilio ule ule daima, kwa mfano kwa kufuata namba ya akaunti kutoka ndogo kwenda kubwa. Na programu iwe tayari kuurudia muamala uliovunjwa.

Uchafu na hesabu zinazokwisha

Katika PostgreSQL, ukibadilisha rekodi, ile ya zamani haifutwi papo hapo. Linaandikwa toleo jipya, la zamani linabaki mpaka asiwepo anayelihitaji. Hivyo anayesoma hamzuii anayeandika. Mabaki hayo huondolewa na kazi ya nyuma iitwayo autovacuum, ambayo kwa mpangilio wa kawaida husubiri hadi takriban asilimia 20 ya rekodi za jedwali ziwe zimekufa. Kwa jedwali letu la milioni 10, hizo ni milioni mbili. Kwa majedwali makubwa yenye mabadiliko mengi, punguza kiwango hicho. Na usiizime autovacuum kwa sababu umeiona ikitumia diski. Ukiizima unaahirisha deni, na riba yake ni kubwa.

Huduma ya Sentry ya Marekani, inayokusanya hitilafu za programu, ililijua hilo Julai 2015. PostgreSQL huupa kila muamala namba ya biti 32, na kwa wakati wowote inaweza kutofautisha takriban miamala bilioni mbili iliyopita. Usafi wa autovacuum ndio unaoziruhusu namba za zamani zitumike tena. Usafi ukichelewa mno, hifadhidata inakataa kuandika chochote ili isiharibu data. Sentry ilisimama kwa sehemu kubwa ya siku ya kazi. Februari 2019 jambo hilo hilo liliipata Mandrill, huduma ya barua pepe ya kampuni ya Mailchimp. Hesabu yenyewe si ngumu: mfumo wenye miamala 1,000 ya kuandika kwa sekunde hutumia namba milioni 86.4 kwa siku, na bilioni mbili zinaisha chini ya siku 25.

Namba za rekodi nazo huisha. Safuwima ya namba kamili ya biti 32 inakomea 2,147,483,647. Tarehe 8 Novemba 2018 Basecamp, mfumo wa kusimamia miradi, ulifika hapo katika moja ya majedwali yake, na kwa karibu saa tano wateja waliweza kusoma tu. Majanga yote matatu yalikuwa na tarehe inayoweza kukadiriwa miezi kabla. Weka kengele itakayolia namba zikifika nusu.

Nakala isiyorejeshwa si nakala

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, huduma ya kutunza misimbo ya programu, alikuwa akirekebisha seva ya pili ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Aliamua kufuta data za seva ya pili ili aanze kunakili upya. Amri ya kufuta aliiendesha kwenye seva kuu. Aligundua baada ya sekunde chache na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5.

Kufuta kwa bahati mbaya kunaweza kumpata yeyote aliyechoka saa tano usiku. Somo kubwa liko katika yaliyofuata. Nakala rudufu za kila siku hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia mtu. Picha za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla kwa ajili ya majaribio, kwa bahati tu. Huduma ilirudi siku iliyofuata jioni. Mabadiliko ya saa hizo yalipotea, yakiwemo takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Kampuni ilitangaza kila kitu hadharani, hata kurusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, na kwa uwazi huo imewafundisha wengi.

Kwenye karatasi GitLab walikuwa na njia kadhaa za kujikinga. Hakuna aliyeziuliza kama zinafanya kazi. Na seva pacha inayoinakili seva kuu haitoshi peke yake: ukifuta jedwali kwenye seva kuu, pacha nayo italifuta baada ya muda mfupi sana. Unahitaji nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo na nje ya mamlaka ya nywila ile ile.

Basi fanya hivi mwezi huu, kabla ya kugusa faharasa yoyote. Chukua nakala rudufu ya jana, irejeshe kwenye mashine nyingine, na uhesabu rekodi zake. Andika ilichukua muda gani, kwa sababu huo ndio muda ambao wateja au wagonjwa wako watasubiri siku ya maafa. Mkabidhi mtu mmoja kwa jina jukumu la kurudia zoezi hilo kila mwezi, na mkubwa wa ofisi adai kuona matokeo. Ofisi isiyofanya hivyo haina nakala rudufu, hata kama inalipia diski tano.